Makipa wa Krismasi

Nakumbuka, mwanangu, siku ya pili baada ya Krismasi moja, nilipochagua makipa wawili wa timu ya kigango chetu cha kanisa huku Kibosho. Mpaka leo nikiikumbuka masikio yanapata moto. Kwa kuwa nawe sasa umekabidhiwa timu hiyo, na nimesikia unataka kutangaza kikosi sikukuu hizi, kaa hapa kidogo nikusimulie. Hutachelewa popote.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, serikali ilipofungulia watu biashara. Vijana wetu wengi walikuwa wameshuka Dar na Arusha kufanya biashara, na kila Desemba wanapanda nyumbani na viatu vipya. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na sita, kocha mpya, najiona kweli kweli. Timu nilikuwa nimeachiwa na Mzee Aloisi, aliyeifundisha tangu navaa kaptula mpaka magoti yake yakagoma. Sijapata kuona mtu anayeujua mpira kama yule mzee, na sikuwahi kumsikia akipaza sauti uwanjani. Aliponikabidhi alisema maneno machache tu: "Ligi inaanza Januari mpaka Juni. Anza na makipa. Ukipata wawili wa kutegemea, wengine watapatikana."

Basi nikaitisha majaribio siku ile ya pili baada ya Krismasi, na uwanja ukafurika. Richi wa Dar alikuja na glovu zake mwenyewe, akawa anaruka huku na huku, akina mama wanapiga vigelegele. Fredi wa Arusha alikuwa mrefu, mipira ya juu yote yake. Kipa wetu wa misimu mitatu, Melkiori, alichelewa kwa sababu alikuwa amekwenda kuwakatia majani ng'ombe wa mama yake. Aliingia golini jasho halijamkauka, akafungwa mawili ya kizembe. Nikasimama mbele ya watu wote nikawataja Richi na Fredi. Kisha, bila kuulizwa na mtu, nikaongeza: "Melkiori, wewe mwaka huu pumzika."

Alinitazama kidogo. "Sawa, kocha," akasema, akaenda kuwapa mkono wale wawili, mmoja mmoja. Nilivyokuwa mjinga, hata hilo sikulitia maanani.

Nikamwendea Mzee Aloisi kwenye benchi lake nikitegemea kusifiwa.

"Shikamoo, Mzee. Umewaona makipa wangu?"

"Marahaba. Nimewaona. Wanarudi lini kazini?"

"Wameahidi watakuja kila mechi, Mzee."

Akatikisa kichwa, akaniuliza mama yangu anaendeleaje.

Aisee, mwanangu! Mwaka mpya ulipopita tu, mabasi yaliwazoa wote. Ilipofika wiki ya mechi ya kwanza, tena na watu wa Uru ambao wakikufunga watakutania mpaka Pasaka, Fredi hakujulikana alipo, na Richi alituma salamu kwa kondakta kwamba duka limembana. Ijumaa nilikuwa na timu nzima isiyo na kipa. Nikaenda kwa Mzee Aloisi nimenywea. Nilimkuta kihambani kwake anapogoa kahawa, na wala hakuningoja nimalize kujieleza.

"Wewe hukuchagua makipa," akasema taratibu. "Ulichagua sikukuu. Desemba kila mtu yuko hapa. Mimi makipa wangu nilikuwa nawachagua masika, barabara yote tope, naangalia nani amekuja mazoezini."

"Basi nikamwombe Melkiori kimyakimya, Mzee?"

"Ulimtoa mbele za watu. Kamrudishe mbele za watu."

Jumapili baada ya misa, kabla watu hawajatawanyika, nikaomba nafasi ya kusema. Nikasema nimekosea, nimemdharau mtu aliyetulindia goli misimu mitatu kwa sababu tu sikuwahi kumkosa. Nikamwomba radhi, nikamwomba adake mechi ya jioni ile. Nikajua kabisa kwamba akikataa atakuwa na haki.

Melkiori akasogea mbele. "Niliumia, kocha, wala sifichi," akasema. "Mama amenikataza nisikanyage tena uwanjani. Lakini timu ni yangu pia. Nitadaka."

Nililia pale pale, kocha mzima. Jioni alidaka kama mtu asiye na kinyongo, tukatoka sare bila kufungana, na akatudakia misimu saba mingine. Nimewaheshimu watu wengi maishani mwangu, lakini wachache kama yeye.

Kwa hiyo, mwanangu, hao wanaokuja Krismasi wapokee vizuri. Ni ndugu zetu, wacheze, tuwashangilie. Ila kabla hujaandika jina lolote, jiulize masika yaliyopita nani alikuwa anakuja mazoezini akiwa amelowa. Huyo ndiye wa kuanza naye. Tena mwambie leo kwamba unamwona, usingoje mpaka siku utakapomkosa, maana si kila mtu atakusamehe kama nilivyosamehewa mimi.

Mungu akupe macho ya kuwaona wanaobaki. Akupe timu inayopendana, na goli lisilofungika ovyo. Na siku utakapokosea, maana utakosea tu, akupe ujasiri wa kusema "nimekosea" watu wangali wanakusikia.