Cucu wa Bweni na Madam wa Ushauri

Siku yangu ya kwanza kazini, hapa shule ya wasichana ya Kibugu, nilipewa funguo za bweni na blanketi moja. Nilisoma mpaka darasa la tatu, lakini umatroni, kazi ya kulea bweni, ni masikio. Wasichana waliniita Cucu, yaani nyanya. Mwenye shida alikuja tukachambua maharagwe. Mikono ikiwa na kazi, mdomo hufunguka wenyewe. Maharagwe ya siku hizi hata hayaivi, lakini tuyaache. Nikishasikia shida, Jumatano niliipeleka kwa kikundi cha maombi, Mama Njeru wa jikoni akiongoza, tukamwombea mtoto kwa jina lake.

Halafu akaletwa Madam wa ushauri. Akapewa chumba chenye pazia na viti viwili, na wasichana wangu wakaanza kupanga foleni huko. Hata Wanja wa Kiambere, niliyemuuguza malaria, alitoka kwake macho mekundu akanipita kama nguzo. Leo najua babake alitaka kumwoza likizo ile. Wakati huo sikujua, na roho ilinichoma.

Nikamuuliza Madam, "Mtoto ana nini?"

"Cucu, ya Wanja ni ya Wanja."

"Mimi ndiye hulala naye bweni moja."

"Najua. Na bado sisemi."

Kesho yake nikamwona Madam anaingia kwa mwalimu mkuu. Nikamngoja mlangoni. "Kumbe siri imekushinda?"

"Mtoto akiwa hatarini sinyamazi," akasema. "Lakini nilimwambia yeye kwanza. Na wanaojua ni wale tu wa kumsaidia."

Afisa wa watoto akaja. Shule ilipofungwa, Wanja hakwenda nyumbani, akaletwa kwangu. Alikula ugali wangu likizo nzima, habari yake akaiacha kwa Madam.

Akamaliza shule, akaolewa na mume aliyemtaka mwenyewe. Kwa harusi Madam aliketi karibu na keki, mimi karibu na sufuria.

Sasa nimestaafu. Wanja anakaa mtaa wa Dallas, mjini Embu, na huniletea pakiti ya sukari. Juzi nikamuuliza, "Kwa nini yule, si mimi?"

Akacheka kidogo. "Cucu, wewe ungeniombea Jumatano. Na Mama Njeru ni shangazi yangu. Kabla ya amina, baba angekuwa amejua."

Nikamwongezea chai. Ukweli ni wake. Lakini sukari ile, nilipomuuliza, kumbe na Madam hupelekewa, na yake ni pakiti mbili.