Foleni kwenye Dirisha la Masijala

Mtaani walimwita Mama Faili, na hata mumewe alikuwa amekwisha kusahau kumwita vingine. Alifanya kazi masijala ya manispaa miaka thelathini na mmoja, katika chumba cha chini, nyuma ya ngazi, chenye dirisha dogo la mbao ambapo watu walisimama kuuliza barua zao zimefika wapi. Ukimtajia kiwanja chako, yeye atakutajia namba ya faili, rangi ya jalada, na karani aliyelimwagia chai. Hakuwa mtu wa kusahau. Hilo tuliseme mapema, maana habari yake yote ni ya siku aliyosahau.

Kazi ilikwenda hivi. Mkubwa akiandika pembeni mwa barua "lileteni Jumatatu," faili hushuka masijala, karani huandika tarehe kwenye daftari la kukumbushia, kisha hulirudisha faili rafuni. Jumatatu ikifika, kabla hata ya kuvua kitenge cha mabegani, hufungua daftari, huokota mafaili ya siku hiyo na kuyapandisha juu. Vijana wa ofisini walisema ni kazi ya kasuku. Mama Faili aliwajibu kwamba kasuku akinyamaza siku moja ndipo mtajua nyumba ilikuwa inaendeshwa na nani.

Alhamisi moja, Meya alishusha faili la tangi la maji la mtaa wa juu. Mhandisi alikuwa ameandika kwamba miguu ya chuma ya tangi lile imeliwa na kutu na maji yamwagwe mara moja. Meya akaandika pembeni kwa wino wa kijani: "Nimwone mhandisi. Lileteni Jumatatu." Mama Faili alilipokea, akafungua daftari, kalamu mkononi. Simu ikalia. Ni binti yake, ameshikwa na uchungu wiki mbili kabla ya siku zake. Mama Faili akaliweka faili mezani, akasema moyoni nitaandika nikirudi, akachukua mkoba na kutoka mbio. Jioni ile alipata mjukuu wa kwanza.

Jumatatu alirudi na furaha yake. Wenzake walikuwa wamerundika mafaili mengine juu ya lile. Akafungua daftari, akayapandisha yaliyoandikwa, na la tangi halikumjia hata kwa mbali. Huko juu Meya alikuwa na wageni, naye hakuuliza. Ikapita wiki, ikapita nyingine. Jumatano ya wiki ya tatu, asubuhi, watu wakiwa kwenye foleni na ndoo zao, tangi likaanguka. Walikufa watu sita.

Sasa, kila aliyewahi kufanya kazi ofisini anajua kosa la ofisi lina tabia ya kushuka ngazi. Humpita mkubwa, humpita naibu, humpita katibu, mwisho humkuta mfagizi na ufagio wake, na huyo ndiye anayefukuzwa. Mama Faili alilijua hilo vizuri kuliko wengi, maana barua za kufukuzwa zilipitia mikononi mwake. Alikwisha kulichomoa faili kutoka kwenye rundo, na alikuwa amelishika kifuani, Meya alipoingia. Meya hakuwahi kushuka masijala tangu achaguliwe. Alilichukua, akausoma wino wake mwenyewe, akalivuta daftari na kuitazama Jumatatu ile isiyotaja tangi.

"Nenda nyumbani, mama," akasema.

"Mheshimiwa, ni mimi niliye..."

"Nimesema nenda nyumbani."

Saa kumi alasiri Meya alisimama kwenye ngazi za manispaa mbele ya waliofiwa, hana karatasi mkononi. Alisema alikuwa ameandikiwa barua, barua imelala ofisini kwake siku ishirini, na aliyeilaza ni yeye. "Msimtafute mtu mwingine," akasema, akajiuzulu papo hapo. Watu walilia. Wazee walisema wamezaliwa na kuzeeka hawajaona mwanasiasa akitamka neno "langu" pasipo kutanguliwa na neno "gari." Uchunguzi ukafungwa kabla haujafunguliwa, na Mama Faili akarudi kwenye dirisha lake. Hakuna aliyemuuliza kitu.

Alimwambia mtu mmoja tu, mumewe, fundi magari mstaafu aliyeharibiwa sikio moja na kelele za injini.

"Mkubwa kasema ni lake," mumewe akajibu. "Wewe nani wa kumbishia Meya?"

Akajigeuza, sikio bovu likaja upande wa mkewe, na mazungumzo yakaishia hapo.

Foleni ilianza mwezi uliofuata. Ilikuwa kama saa nne asubuhi, jua limejaa uani. Mama Faili aliinua kichwa akaona watu sita wamejipanga nje ya dirisha la masijala, kila mmoja na chombo chake, ndoo, dumu, sufuria. Hawakusema kitu wala hawakukasirika. Walisimama kwa subira ile ya watu wanaojua zamu yao itafika. Akasema, "Niwasaidie nini?" Karani mwenzake akageuka kumuuliza anaongea na nani. Dirishani hapakuwa na mtu, ila sakafu mbele yake ilionekana kuloa, na ilipokauka hakujua kama kweli ilikuwa imeloa.

Tangu siku hiyo walikuja watakavyo. Akistaafu watakoma, alijiambia. Alistaafu, wakahamia dirisha la jikoni kwake. Aliogopa mlio wa maji yanapoanguka kwenye ndoo tupu, akawa anaijaza kwa kikombe, polepole, na binti yake alipomcheka alisema ni mgongo. Mjukuu alipotimiza miaka mitano, sita, saba, bibi alikata keki na kupiga makofi na kuona aibu, kwa kuwa miaka ya mtoto na miaka ya ajali ilikuwa hesabu moja. Usingizi ukawa wa kuibia, dakika ishirini hapa, nusu saa pale. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata yenyewe ilikuwa inachakaa.

Mwanzoni wale watu wa foleni hawakuwa na sura. Sura ya kwanza ilikuja na fundi cherehani.

Huyu, mwanamke wa makamo, alihamia mtaa wao mwaka wa tatu baada ya ajali, akapanga chumba cha mbele mkabala na nyumba ya Mama Faili. Mama Faili alimpelekea kitambaa cha gauni, kama jirani mwema. Wakati anapimwa mabega aliona picha ukutani: mwanamume mwembamba, amecheka, jino la mbele limepandana na mwenzake.

"Ni shemeji yako huyo, dada," fundi akasema, pini mdomoni. "Alikwenda na tangi."

Mama Faili hakukumbuka alivyorudi nyumbani. Kesho yake saa nne, wa tano kwenye foleni alikuwa na jino lililopandana.

Mtu mwingine angehama mtaa. Yeye alirudi kwa fundi wiki hiyo hiyo na kitambaa kingine, kisha kingine, mpaka kabati likakataa kufunga. Akawa anakaa pale mchana kutwa akichambua vishikizo, na fundi, aliyekuwa mcheshi, akamwita mteja asiye na harusi ya kwenda. Wakapendana. Nasema wakapendana kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na hapo ndipo pabaya penyewe.

"Unajua kilichoniponya ni nini?" fundi alimwambia mara nyingi. "Ni yule Meya. Alisimama akasema kosa ni lake. Nikampata wa kumchukia, nikamchukia mwaka mzima, nikachoka, nikamsamehe. Sasa nalala."

Mama Faili akainamia vishikizo vyake. Msamaha ulikuwa umetolewa, tena wa kweli, lakini umepelekwa nyumba nyingine.

Mwaka wa tisa habari zikaja kwamba Meya wa zamani amepooza upande mmoja na hana siku nyingi. Fundi alizisikia kwa mteja, akafunika cherehani mchana kweupe na kuvuka barabara.

"Dada, wewe si ulifanya kazi pale? Nyumbani kwake unapajua. Nipeleke. Nataka nimwambie kwa mdomo wangu kabla hajaondoka."

"Mgonjwa asisumbuliwe, mdogo wangu."

"Kumwambia mtu umemsamehe ni kumsumbua?"

Wakaenda kesho yake baada ya chakula cha mchana. Njia nzima Mama Faili alikuwa anatafuta ugonjwa wa kujipa ili arudi, na kila alioufikiria ulionekana mdogo.

Mke wa Meya aliwaingiza sebuleni. Mzee alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, blanketi magotini, upande mmoja wa uso umelegea. Fundi alivuta stuli akakaa karibu naye, akaushika mkono ule usio na nguvu, akamweleza yeye ni nani na mumewe alikuwa nani. Akasema: "Nilikusamehe zamani, Mheshimiwa. Ukienda, nenda mwepesi."

Mzee alitokwa machozi kwa jicho moja. Lakini hakuwa anamtazama fundi. Alikuwa anamtazama Mama Faili aliyesimama mlangoni, na Mama Faili akaona kwamba anamjua, na kwamba hakuwahi kumsahau hata siku moja. Nje ya dirisha, nyuma ya kiti chake, watu walikuwa wamejipanga na ndoo. Wa tano alikuwa amesogea, amekuwa wa kwanza.

"Ni mimi," Mama Faili akasema.

Fundi akageuka. "Wewe nini, dada?"

"Faili la tangi. Meya aliagiza lipelekwe Jumatatu. Kuliandika ilikuwa kazi yangu, na sikuliandika. Lilikaa mezani kwangu siku ishirini. Yeye alinifichia."

Mzee aliinua mkono mzima. Maneno yalimtoka moja moja, mazito. "Ofisi yangu. Kosa langu. Na mimi... Jumatatu... sikuuliza."

"Mheshimiwa, wewe lako ulishalisema," fundi akamkatiza, kwa upole lakini hakumtazama. "Mwache aseme lake." Kisha kwa Mama Faili: "Kwa nini hukuandika? Kuna mtu alikupa kitu?"

"Hapana."

"Kuna mtu alikutisha?"

"Hapana, mdogo wangu. Binti yangu alishikwa na uchungu. Nikatoka mbio. Niliporudi nikasahau."

"Ukasahau."

"Nilisahau."

"Basi?"

"Basi."

Mama Faili alijiandaa kwa matusi, na kusema kweli aliyatamani, alikuwa ameyangoja miaka tisa. Hayakuja.

"Asubuhi ile," fundi akasema, "zamu ya maji ilikuwa yangu. Nilikuwa na sare za shule za kumaliza. Nikamwambia mume wangu, baba, leo nenda wewe. Hakutaka, miguu ilikuwa inamuuma. Nikamwambia, nenda bwana, ni hapo tu." Alisugua goti lake kwa kiganja. "Mwezi mzima nilijua nimemuua mimi. Halafu mkubwa akatangaza kwamba barua ilikuwepo, yeye ameilaza. Nikasema kumbe. Kumbe kulikuwa na mtu, na ofisi, na barua, jambo zito la wakubwa. Zangu zilikuwa sare tu. Nikaweza kulala."

"Mdogo wangu..."

"Sasa unaniambia hakukuwa na jambo zito. Kulikuwa na mama aliyekuwa na shughuli zake, akasahau. Mtu kama mimi. Kama lako ni kosa, dada, basi na langu ni kosa, yanatoshana."

"Lako si kosa!"

"Nilikuwa nimelilaza hilo," fundi akasema. "Umeliamsha."

Akausugua mkono wa mzee mara moja, akaurudisha juu ya blanketi, akamuaga mke wake kwa adabu na kutoka. Mama Faili aligeuka kumkimbilia. Mzee alikuwa anajaribu kusema kitu. Akamsogelea, akainama.

"Ndiyo maana," Meya akasema, "sikukutaja."

Labda ilikuwa kweli, labda ni mzee anayejitafutia utulivu. Mama Faili hakumwamini wala hakumkatalia. Alitoka akamfuata fundi kwa mbali, mitaa yote, na fundi hakugeuka hata alipofungua mlango wake.

Kesho yake mumewe alimwamsha kwa kumtikisa bega. Jua lilikuwa limeshapanda.

"Leo umelala kama mtoto mchanga," akasema, amefurahi. "Nikadhani umeniacha mgane."

Mama Faili akaenda dirishani. Ilikuwa saa nne. Hapakuwa na ndoo, wala dumu, wala mtu. Mkabala, mlango wa fundi ulikuwa wazi na cherehani imefunikwa. Fundi alikaa kwenye kizingiti na nguo za jana, macho mekundu, akiitazama njia ya kuendea bombani kama anayehesabu watu. Mama Faili, aliyeutafuta usingizi miaka tisa, akaona haya kwamba amelala.