Nilivyomnyima Mbarak namba kwa Kiarabu changu cha kujifanya

Wakuu, assalaam alaykum. Wakubwa zangu mliomo humu, shikamooni.

Nawasoma kila dirisha la usajili likifunguliwa. Mnawatukana viongozi wa timu: wamemwacha fulani, wamemleta mzee, hawajui mpira. Leo natoa yangu, na sitatia chumvi, maana ilivyo inaniuma vya kutosha.

Mimi nilikuwa kiongozi wa aina hiyo hiyo.

Ni Ibra, Oman, mwishoni mwa miaka ya sabini. Kwa wasiojua, tulikuwa wengi tuliotoka Unguja, Pemba, Tanganyika, Burundi na Kongo, tukarudi kwa babu zetu. Paspoti za Oman, kanzu za Oman, lakini ukiingia ndani ya nyumba ni Kiswahili kitupu.

Tukaunda timu. Uwanja wetu ulikuwa changarawe ya wadi, yaani bonde la mto mkavu, magoli ni mabomba ya maji yaliyochomelewa. Ukianguka unaamka huna ngozi ya goti.

Katibu wa timu nilikuwa mimi. Kocha tukimwita Mwalimu, mzaliwa wa Bujumbura, mtu mpole mno, mpira anaujua vizuri sana. Kiarabu ndicho alikuwa hakijui hata cha kununulia chumvi.

Mimi nilijifanya nakijua. Nilihitimu chuo cha Kurani Unguja, ofisini nikipiga "na'am, tayyib", watu wakaamini. Kila panapohitajika mkalimani naitwa mimi. Ukweli ni kwamba Kiarabu cha watu wa mashambani kilikuwa kinanipita. Katika maneno matano nashika moja, manne najazia mwenyewe.

Na nilikuwa naona raha kuitwa. Hilo nalisema wazi.

Basi tukaenda Samad Ash Shan kucheza mechi ya kirafiki. Tukafungwa matatu. Yote matatu kafunga mkulima mmoja anaitwa Mbarak, mguu wa kushoto, hana hata viatu. Beki wetu wa kulia alimaliza mechi amekaa chini.

Mwalimu akanambia garini, "Katibu, yule tumsajili. Mashindano tusiende bila yeye."

Fomu ya majina ilikuwa ifike kwa waandaaji Jumatano. Jumamosi nikapanda pick-up peke yangu mpaka Samad kumfuata.

Nikabisha mlango. Akajibu mama yake kutoka ndani, sikumuona uso. Nikamuulizia Mbarak. Akasema, "Ta'baan, ya wuldi. Raaqid." Akaongeza maneno mengine kuhusu maji ya falaji, ule mfereji wa mashamba, nikayaacha yapite.

Nikasema "shukran" na kurudi zangu Ibra.

Wakuu, hapo ndipo palipoharibika. Kiswahili chetu, mtu akiwa taabani ni wa kuitiwa watu wamsomee Yasini. Kiarabu cha huku, ta'baan ni mtu aliyechoka. Mama wa watu kaniambia mwanawe kachoka na amelala, kwa sababu usiku kucha alikuwa kwenye zamu ya kumwagilia mitende. Mimi nikarudi na habari kuwa Mbarak yuko taabani, kitandani, hawezi.

Mwalimu alishika kichwa. "Maskini! Si juzi tu alikuwa anakimbia?" Tukamwombea dua pale pale uwanjani.

Sasa nafasi kwenye fomu imebaki moja na siku zinakwisha. Kamati ikakaa, na mimi nikiwa msemaji mkubwa nikapendekeza mshambuliaji mmoja kutoka Sur. Jina lake kubwa, kila mtu kamsikia. Mwalimu alikuwa na wasiwasi, akauliza, "Tumemuona lini akicheza?" Hakuna aliyemuona mwaka ule. Nikasema mchezaji mzoefu haulizwi.

Wale mnaopenda kusajili majina, jina halikimbii. Nimejifunza hilo kwa aibu.

Jumanne Mwalimu akanipa kopo la halwa na fuko la machungwa. "Nenda ukamtazame mgonjwa, katibu. Umwambie tuko naye."

Nikaenda. Nikamkuta mgonjwa juu ya mtende, kajifunga kamba kiunoni, anafunga mashada ya tende huku anaimba.

Akashuka mbio, akanishika mikono yote miwili, mama yake kamwambia nilikuja kumtafuta, akauliza mazoezi lini. Hilo nililielewa vizuri. Nikaelewa pia nilichofanya. Nikampa halwa na machungwa kama zawadi tu.

Fomu ilikuwa bado iko kwangu, wakuu. Jina la mtu wa Sur nimeliandika kwa mkono wangu, ningeweza kulifuta kwa mkono huo huo. Kilichotakiwa ni kurudi Ibra na kusema, "Jamani nilikosea, Kiarabu sikijui." Wangenicheka wiki nzima, basi.

Nikamwambia Mbarak, "Inshallah, inshallah." Yeye akachukua kuwa ni ahadi.

Mwalimu nikamwambia mgonjwa ana nafuu, lakini msimu huu hawezi kucheza.

Jumatano fomu ikaenda.

Ijumaa baada ya alasiri ndiyo mechi ya kwanza, tunacheza na timu ya Nizwa, hapo hapo Ibra. Nikiwa nagawa jezi nikamuona Mbarak anakuja. Kavaa viatu vya mpira vipya kabisa, ndiyo kwanza miguu yake inavijua. Anatembea navyo kwa tabu.

Mwalimu alipomuona alipiga kelele ya furaha. Akamkumbatia. "Kapona! Alhamdulillah! Katibu, mwambie namshukuru Mungu kwa afya yake. Mwambie fomu imeshakwenda, lakini mwakani akiwa mzima namba ni yake, sitaki mtu mwingine."

Mbarak alionekana hakuelewa kitu. Akanigeukia mimi.

Nikasimama kati ya watu wawili, huyu hajui lugha ya yule, na mimi ndiye mdomo wao. Nikitafsiri yote, Mbarak atauliza amepona nini. Kila kitu kitamwagika mbele ya timu nzima.

Nikamwambia Mbarak, "Anasema hakuna nafasi."

Hayo tu. Na Kiarabu changu siku hiyo kilikuwa fasaha, hakikukosea hata herufi.

Mbarak alimtazama Mwalimu anayetabasamu. Akanitazama mimi. Akakaa pembeni kwa adabu, akaangalia kipindi cha kwanza, halafu sikumuona tena. Mtu wetu wa Sur alichoka kabla ya mapumziko. Tulifungwa, na nakwambieni kufungwa kule hakukuniuma hata kidogo.

Msimu uliofuata Mwalimu akanituma tena Samad. Nikazunguka na gari kwa muda wa saa mbili, nikarudi kumwambia Mbarak amehama. Sikufika hata kwenye njia ya kwao. Mwaka mmoja baadaye timu ikavunjika, watu wakapata kazi Maskati.

Katikati ya miaka ya themanini niko Nizwa, soko la mbuzi, nikasikia nyuma yangu, "Katibu, habari za siku nyingi?"

Ni Mbarak. Na hicho ni Kiswahili.

Nikamuuliza kakipata wapi. Akasema Samad kulikuwa na fundi magari aliyezaliwa Mwanza, alikaa naye miaka miwili akijifunza. "Nilidhania mumenikataa kwa sababu mimi sijui maneno yenu. Nikasema nikijua, mtanichukua. Nikaja Ibra, wakanambia timu hakuna."



Akaniuliza, "Siku ile yule mwalimu kataja afya. Afya hata kwetu ni afya. Mtu anakukataa, kwa nini anakutajia afya yako?"

Kumbe miaka yote hiyo alikuwa nalo swali hilo.

Nikamwambia. Yote, tangu mlango wa mama yake mpaka Ijumaa ile. Nilitegemea matusi, na ningeyapokea.

Mbarak aliizungushia mkononi kamba ya mbuzi. Kisha akauliza taratibu, "Kwa hiyo alinitaka?"

"Alikutaka, ndugu yangu. Alisema namba ni yako."

"Yuko wapi? Twende nikamsalimie."

Ikanibidi nimwambie kwamba Mwalimu tulimzika mwaka uliopita.

Wakuu, kukosea neno si dhambi, kila mtu hukosea. Mimi nilikuwa na siku nzima ya kulirekebisha, na baadaye nikawa na miaka, nikachagua nisichekwe.

Kwa hiyo mnapomlaumu kiongozi kwa kumwacha mchezaji mzuri, ulizeni pia nani alipeleka habari kwa kocha.

Mliowahi kuwa katika kamati za timu, semeni na nyinyi. Na aliye na jiwe alirushe, nipo, nasoma.