Kisanduku Kilichoanguka Kegonga

Jumanne iliyopita nilikuwa katika ofisi ya hali ya hewa mjini Homa Bay, nikiuliza habari za mvua, mama mmoja alipoingia akaweka kisanduku cheupe juu ya kaunta, mbele ya afisa. Alikuwa ametoka Kegonga kwa basi, amekipakata njia nzima.

"Bwana, hii kitu ilianguka kwa shamba yangu ya wimbi. Majirani walisema ni bomu, nizike. Lakini mwalimu alinisomea karatasi imebandikwa hapa: rudisha Homa Bay."

Afisa alikipokea kwa mikono miwili. Kilikuwa kimepaa na puto kupima ozoni, hewa ya huko juu kabisa inayotukinga na ukali wa jua. Visanduku viwili vilivyorushwa kabla yake vilizama ziwani. Alitoa mchoro wa vipimo ambao chombo kilichokuwa ndani kiliuchora huko juu, akautandaza kando ya ule aliouchora mwenyewe kwa hesabu za miezi mingi. Mistari miwili ilipanda pamoja vizuri, kisha ikaachana.

"Nimekosea!" akapaza sauti, akicheka na kupiga kaunta. "Mama, nimekosea hapa!"

"Na unacheka?"

"Jana sikujua kosa liko wapi. Leo umeniletea."

Mama akampa mkono. "Basi hongera kwa kukosea, mwanangu."

Nimehudhuria sherehe nyingi tangu Uhuru na kusikia wakubwa wengi wakipongezwa. Hongera niliyoiamini ni ile moja.