Aliniambia Nije Jumamosi

Mwenye ploti nilikopanga chumba aliniambia nije Jumamosi. Katika daftari langu la mwanzoni mwa miaka ya sabini nimeandika hivyo tu, na chini yake nimepiga mstari kwa nguvu hadi karatasi ikatoboka. Mtu mwingine akisoma atadhani ni jambo dogo.

Mimi ni Msabato, nimezaliwa Msabato huko Gesima. Yeye alikuwa Mkatoliki wa hapo Keumbu, na kwetu hakuna asiyejua jirani yake anaabudu siku gani. Ijumaa jua likizama sishiki pesa tena mpaka jua la Jumamosi lizame. Siuzi, sinunui, silipi, silipwi. Nilikaa miaka mitatu katika chumba chake nyuma ya duka lake, nikifuma sweta za shule kwa mashine, na kila Ijumaa jioni aliniona nikiifunika mashine kwa kitambaa. Alizoea kunitania. "Mama Sweta, kwa hivyo kesho watoto wa watu wapigwe na baridi?" Nami nilikuwa nacheka. Basi asiniambie mtu kwamba alisahau.

Nilipoingia chumba kile alitaka shilingi sitini za dipositi, zikae kwake mpaka siku ya kuhama. Sikuwa nazo. Mama yangu aliuza mbuzi wake wawili akanipa. Hakunipa hivi hivi. Alisema, "Zikirudi ni zangu. Ni za mabati." Nyumba yake ilikuwa ya nyasi, na nyasi zilikuwa zimeoza upande wa kitanda. Mvua ikinyesha alikuwa anasogeza kitanda, na alipoishiwa na mahali pa kukisogeza, alikaa kitako juu ya kiti akiwa amejifunika gunia. Nilimwona hivyo Desemba moja. Ndiyo sababu niliamua kurudi nyumbani na mashine yangu, niwe karibu naye, na zile sitini zimpe paa kabla ya mvua kubwa.

Lazima niseme na makosa yangu, la sivyo nitakuwa nadanganya. Tulipatana nitoe notisi ya mwezi mmoja, nami nilitoa ya wiki tatu. Tena nilipikia ndani. Alikuwa amekataza jiko la makaa chumbani, lakini jiko la nje lilikuwa la wapangaji sita na lilivuja, kwa hivyo siku za mvua nilipikia ndani. Ukuta ukashika masizi. Kabla ya kuhama nilinunua chokaa nikapaka mwenyewe, mara mbili, lakini masizi yalitokea tena, rangi ya chai. Mimi sikusoma sana, niliachia darasa la nne, lakini masizi nayajua nikiyaona. Yalikuwa yangu.

Na yeye pia alikuwa na mema yake. Mara mbili nilichelewesha kodi na hakunifukuza. Mlango ulipovunjika alileta fundi siku iyo hiyo.

Nilihamisha vitu Jumatatu. Nikaenda dukani kumkabidhi ufunguo. Aliupokea, akautia mfukoni, akasema, "Pesa yako njoo Jumamosi."

"Mzee, Jumamosi mimi niko kanisani."

"Mimi nitafanya nini? Pesa ya duka hukusanyika Jumamosi. Siku nyingine unanikuta mkavu."

Nilimwamini. Nilisema basi nitakuja Jumapili asubuhi. Jumapili nikatoka Gesima kabla ya umande kukauka, nikakuta duka limefungwa, yeye yuko misani, na baada ya misa akaenda kwa shemeji yake. Mke wake alinipa uji. Alisema mzee ameacha maneno kwamba nije Jumamosi.

Nilienda tena Jumatano. Nilienda Jumatatu iliyofuata. Kila mara alikuwa mpole, na huo upole ndio ulionichoma. "Dada yangu, si nilikwambia siku? Si mimi niliyekuzuia kuja." Watu dukani walicheka, si sana, lakini nilisikia.

Huenda ningeendelea kuamini habari ya duka na pesa za Jumamosi. Lakini mwanamke aliyekaa chumba cha tatu, muuza ndizi, naye alihama wakati ule ule. Nilikutana naye sokoni. Nikamuuliza kama na yeye anazungushwa.

"Nizungushwe nini? Alinipa Jumatano, saa nne, hata sikuketi."

Yeye ni Mkatoliki. Labda alidai kwa sauti kuliko mimi, labda pesa yake ilikuwa ndogo. Nimejaribu kutafuta sababu nyingine, hata leo najaribu. Lakini siku ile, pale kati ya mafungu ya ndizi, nilihisi masikio yangu yakiwaka. Mtu amekaa akafikiri, akapima, akaona kwamba siku moja kwa wiki sina mikono, akaichagua hiyo. Alijua nitachoka. Angeweza kubaki na mbuzi wa mama yangu bila hata kusema uongo.

Mbingu za Gesima zilikuwa zimeshaanza kufunga mawingu mchana.  Mama alikuwa ameanza kukusanya magunia.

Jumamosi nilienda kwenye kanisa letu la hapo Keumbu, nikaketi mpaka mwisho. Mahubiri siyakumbuki. Kisha nikaenda dukani kwake nikiwa na nguo zangu za ibada, kitambaa cheupe kichwani, Biblia mkononi. Ilikuwa kama saa nane. Mbele ya duka kulikuwa na benchi, nikaketi.

Alifurahi kuniona. Nadhani alidhani ameshinda. "Ehe, Mama Sweta. Leo umekuja siku yake." Akafungua droo.

"Sizitaki sasa, mzee. Jua bado."

"Bado nini?"

"Halijazama. Likizama nitapokea. Wewe ulisema Jumamosi, na jioni bado ni Jumamosi."

 Alikuwa na noti mkononi. "Chukua uende, mama. Mungu anaelewa."

"Anaelewa. Ndiyo maana nangoja."

Nikafungua Biblia. Sikuwa nasoma, nasema kweli, herufi zilikuwa zinaruka tu. Wateja waliingia na kutoka. Kila aliyeingia alinisalimu na kuniuliza mbona nimekaa nje siku ya Sabato, na kila mmoja nilimjibu kwa sauti ya kawaida kabisa: nangoja dipositi yangu, aliniambia nije Jumamosi. Sikuongeza. Mzee mmoja wa kanisa lao, mtu mrefu aliyekuja kununua chumvi, alisikia, akamgeukia mwenye duka. "Ulimwambia Msabato aje Jumamosi?" Mwenye duka akapanga sabuni ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Saa kumi alijaribu tena. Aliziweka noti kwenye benchi kando yangu. Upepo ulikuwepo. Nilizitazama zikitikisika na sikuzigusa, ingawa zikipeperuka ni paa la mama. Zilipoanza kusogea alitoka mbio mwenyewe akazikamata. Wanawake wa ng'ambo ya barabara walicheka mpaka wakashikana. Mimi sikucheka. Nilitamani kucheka.

Siku hiyo alitaka kufunga mapema, kulikuwa na matanga kwao. Hakuweza kufunga mbele ya watu wote hao nami bado nimeketi pale. Alikaa ndani, mimi nje, mpaka jua likaingia nyuma ya mikaratusi. Nikasimama, nikanyoosha mkono.

Alinihesabia arobaini na tano.

"Kumi na tano ni ya ukuta," akasema. "Uliharibu ukuta. Unakataa?"

Hapo ndipo alinipata. Sikuweza kukataa. Nilisema chokaa nilishapaka, na debe la chokaa halifiki hata shilingi kumi. Akasema na fundi je. Nilibishana kidogo, nikaona nikiendelea nitalia mbele yake. Nikachukua.

Nililala kwa muumini mwenzangu, na asubuhi nikampelekea mama. Nilimweleza yote, na sehemu ya noti na upepo nilimweleza mara mbili. Alisikiliza huku akimenya viazi. Halafu akaniuliza, "Tangu saa nane mpaka jua kuzama ulikuwa unamchukia?"

Nikasema ndiyo.

"Basi saa zote hizo ulifanya kazi."

 Nimeandika kwenye daftari: huenda ni kweli nilivunja Sabato bila kushika hata senti. Lakini pia nimeandika, kwa wino mwingine, kwa hiyo ni siku ya baadaye: na yeye je?

Mabati tuliyonunua yalitosha upande wa kitanda na sebule. Upande wa jikoni tulikosa mawili, ya zile shilingi kumi na tano, tukaurudishia nyasi. Mama alisema jiko la nyasi lina joto zuri, na alisema hivyo kila mtu alipouliza. Mvua kubwa ya kwanza alilala usiku wote mahali pamoja. Asubuhi alikwenda kuchota maji yaliyokuwa yamejaa kwenye sufuria za jikoni.

Mwaka uliofuata nilipita Keumbu kupeleka sweta. Mlango wa chumba changu cha zamani ulikuwa wazi, mpangaji mpya anafagia. Nilisimama nikatazama ndani. Ukuta ulikuwa na doa lile lile, rangi ya chai, na chokaa juu yake ni ile niliyopaka mimi. Naujua mkono wangu. Hakuna fundi aliyewahi kuugusa. Labda alikuwa na nia ya kumwita na hakupata nafasi. Nimeiandika hiyo labda ili nisimwonee. Lakini mabati mawili najua yalipoishia, na jikoni kwa mama kulivuja miaka minne.