Chai ya Chumvi

Juzi kibarua anayewasha boila la kiwanda changu alinikaribisha chai kwake, mkewe akanimiminia. Ilikuwa ya chumvi, nikamkumbuka baba.

Enzi za Mwingereza baba alilitilia boila la shamba la mkonge, huku Kilwa, maji matamu ya mvua. Nyumbani tulikunywa ya kisima, yenye chumvi. Siku ya posa ya dada, mgeni alionja chai akacheka.

“Mwali ndiye kapika? Kakosea kopo la sukari!”

Mama akainamia birika. Wageni hawakurudi. Niliamini baba analipenda boila kuliko sisi.

Leo nina diploma ya mitambo, niliyoipata kwa kujisomesha mwenyewe. Najua chumvi huyaziba mabomba ya boila. Tangi la maji matamu ya boila kiwandani ni langu, ufunguo ninao mimi. Pale kwa kibarua nilimaliza kikombe bila kumtazama mkewe.