Raundi Haina Ndugu

Kabla sijaanza, niweke mpaka. Yako mambo niliyoyasikia na yako niliyoyaona, na sitaki uyachanganye, kwa maana katika mji wetu wa Butembo habari ikitoka sokoni, hadi ifike kanisani huwa imekwisha kuota mikia mitatu. Niliyoyasikia ni haya: kwamba mzee nitakayekusimulia alionekana pia Kanyabayonga siku ileile, kwamba huko Kamango alikaa juma zima kwenye benchi la wacheza kamari bila kula, kwamba hana kivuli. Hayo yaweke kando. Kivuli chake sikukichunguza, na siku yenyewe ilikuwa ya ukungu, hata mimi sikuwa nacho. Niliyoyaona ni ya alasiri moja Butembo na ya asubuhi moja Beni. Hayo yalitokea. Nilikuwepo, na alasiri ile nilikuwa na kalamu mkononi.

Nilifundisha hisabati katika shule ya sekondari mpaka nywele zikaisha, na sura niliyoipenda kuliko zote ni ile ya uwezekano: kurusha sarafu, kutoa mpira mweusi au mweupe ndani ya mfuko. Nakuambia hivi ili ujue kwamba mtu aliyenaswa katika kisa hiki hakuwa mjinga wa jambo lililomnasa.

Sisi Wanande, jina la mtoto hutaja nafasi yake. Wa kwanza wa kiume ni Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, kisha Kakule, Katembo, Mbusa. Ukisikia jina la mtu umejua ni wangapi waliomtangulia. Hesabu hiyo tunainyonya pamoja na maziwa. Nyumbani kwetu tulikuwa wavulana watatu, na mimi ndiye wa kwanza. Kambale alikufa kwa surua akiwa na miaka minane, tulipokuwa tukiishi Mulekera, huko Beni, akazikwa nyuma ya nyumba. Miaka mingi baadaye mama alilazwa kando yake. Kasereka, ambaye siku ya maziko ya Kambale alikuwa bado mgongoni mwa mama, alikua akawa mfanyabiashara wa kakao kati ya Beni na Butembo. Barabara ilipokuwa mbaya akakaa Butembo bila kazi, na katika kukaa kwake akakutana na mchezo wa roketi katika simu.

Huenda huujui. Roketi ndogo inapaa kwenye kioo, na kando yake namba inakua: moja na robo, moja na nusu, mbili, tano. Ukijitoa kabla haijalipuka, unapata ulichoweka mara namba hiyo. Ukichelewa kwa kupepesa jicho, umepoteza. Yaweza kulipuka ikiwa ishirini, yaweza kulipuka kabla haijaondoka chini. Na juu ya kioo, kwa wema wa ajabu, wamekupangia matokeo ya raundi zilizopita, uyasome. Kwa nini wakuonyeshe, kama yangekusaidia?

Siku moja Kasereka alinionyesha daftari lake. Hakuwa ameandika namba. Alikuwa ameandika majina, kila raundi na jina lake.

“Yaya, angalia,” akaniambia, kama tunavyomwita kaka mkubwa, kidole juu ya mstari. “Paluku amekufa mudogo, Kambale amekufa mudogo, Kasereka naye mudogo. Donc Kakule hawezi kufa. Mama hawezi kuzika bote.”

“Mama gani?” nikamuuliza. “Raundi haina mama. Raundi haina ndugu. Kila moja inazaliwa peke yake, na haijui nani alikufa kabla yake.”

Akacheka. “Weye unajua ya kitabu. Mi naona ya macho.”

Nilimweleza yote, kama nilivyowaeleza wanafunzi. Kwamba raundi tano fupi haziivuti ya sita irefuke hata unywele. Kwamba mwenye mchezo amejikatia kipande chake kidogo katika kila raundi, na kipande hicho hakilali. Kwamba ukijitoa mapema kila mara utapata vijifaida vingi vya kukulevya, na anguko moja litavimeza vyote. Ukisubiri namba kubwa, utakufa njaa ukiisubiri. Hatari hubadilisha nguo tu, haitoki nyumbani. Alinisikiliza kwa heshima, kama mtu anavyosikiliza misa katika lugha asiyoijua.

Kisha akatoa neno lililomleta. Alikuwa amepata mnunuzi wa kiwanja cha Mulekera, kile chenye makaburi, na malipo yalikwisha kuingia katika simu yake. Palikosekana sahihi yangu tu, kwa sababu kwetu ardhi ya mama haiuzwi bila mkono wa mtoto wa kwanza. Nilikataa. Akasema: “Iko muzee moja anakuya kwa Mama Masika, kule nachajishaka simu. Yeye hana simu. Anasema tu: hii itapita, hii haitapita. Hapana kukosa, yaya. Hata mara moja.”

“Anaitwa nani?”

“Anasema ni Kambale.”

Katika Butembo ukirusha jiwe sokoni utampiga Kambale, kwa hiyo jina halikunishtua. Kilichoniwasha ni lile neno, hapana kukosa. Na hapa ndipo nilipofanya kosa langu, kosa la mwalimu. Nilisema: nitakuja na daftari langu. Atabashiri raundi kumi na mbili, ikiwa roketi itavuka mbili au haitavuka. Akikosa moja, utaivunja simu hiyo mbele yangu. Asipokosa, nitatia sahihi.

Usinicheke. Nilikuwa nimepiga hesabu: kubahatisha kumi na mbili mfululizo ni jambo la mara moja katika majaribio elfu nne na zaidi. Niliona nimemfunga ndugu yangu kamba kwa faida yake. Neno nililisema mbele ya Mama Masika, mwenye duka la kuchajisha simu, na neno la mtoto wa kwanza, likisemwa mbele ya shahidi, halirudishwi.

Alasiri ile ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mabati, na mvua nyembamba ilikuwa ikinyesha. Mama Masika aliponiona mlangoni alisema, “Mwalimu, leo umekuya kuchajisha nini? Akili?” Wateja wawili wakacheka, wakachukua simu zao, wakaenda. Tukabaki sisi watatu, na yeye.

Alikuwa amekaa mwisho wa benchi, mzee wa umri ambao Kambale wetu angekuwa nao. Koti lake lilikuwa kavu. Huenda alifika kabla ya mvua. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti, ngumi zote mbili zimefumbwa, na niamini nikikuambia kwamba muda wote nilipokuwa naye hakuzifumbua. Hakusalimia. Kasereka alifungua mchezo, nami nikachora mistari katika daftari.

“Huyu anakufa,” akasema mtu yule. Roketi ikalipuka kwenye moja na kidogo.

“Huyu anaishi.” Ikavuka mbili, ikavuka tatu.

“Anakufa. Naye anakufa.”

Baada ya raundi ya nne nilikaa kati yake na simu. Baada ya sita nilimwomba ageukie ukuta, naye akageuka bila kinyongo, kama mtoto aliyeadhibiwa darasani. Baada ya nane nilimwambia Kasereka aifunike simu kwa kofia hadi raundi iishe, ndipo tuangalie. Niliyatafuta yote ambayo mtu wa akili angeyatafuta. Hakuwa na waya sikioni, hakuwa na mwenzake nje. Jenereta ilinguruma, Mama Masika aliacha kukunja nyaya zake, na kila raundi mwandiko wangu ulizidi kuwa mzuri, kama unavyokuwa mwandiko wa mtu anayeogopa. Kumi na mbili. Hakukosa.

Nilitia sahihi. Mwandiko ulikuwa uleule mzuri, na hilo linanitia aibu. Ningefanya nini? Kukataa kulikuwa kujifanya mtu asiye na neno, na kukubali kulikuwa kumkabidhi mama. Nilijitengenezea mwenyewe chumba chenye milango miwili, na yote miwili ikafungukia shimoni.

Hapo mtu yule akageuka kutoka ukutani, akaniangalia mimi kwa mara ya kwanza.

“Yaya,” akasema. “Kale kajiwe. Kalikuwaka mu mukono gani?”

Sasa sikiliza, maana hili sikulisema kwa mtu yeyote, si kwa mama, si kwa padri. Tulipokuwa watoto Mulekera, mimi na Kambale tulicheza mchezo wa kuficha kijiwe cheupe. Nilinyoosha ngumi mbili, naye akachagua. Akikosa, alinipa ndizi yake ya jioni. Hakupata hata siku moja, kwa sababu kijiwe hakikuwa katika mkono wowote. Kilikuwa kwapani mwangu. Naye kila siku alikuwa na mpango mpya: jana kuume, leo itakuwa kushoto, kuume mara mbili, basi haiwezekani mara ya tatu. Alijifunza mpangilio wa kitu ambacho hakikuwepo, mpaka surua ikamchukua. Siku ya maziko, wakubwa wakiimba, nilikitia kijiwe kile katika ngumi yake ya kuume, nikadhani tumemalizana.

Mtu yule alikuwa akingoja. Kasereka alikuwa akiniangalia, Mama Masika alikuwa akiniangalia. Nimekuwa mwalimu wa watu miaka yote hiyo. Nilisema, “Wa kuume.”

Akanitazama kama mwanafunzi mpole anavyomtazama mwalimu aliyekosea ubaoni. “Aksanti, yaya,” akasema. Kisha akamwambia Kasereka, “Huyu anaishi. Anaishi sana. Tia.”

Nilijua. Usiniulize nilijuaje, nilijua kwamba mtu amenirudishia kilekile nilichompa. Mchezo hutoa sekunde chache za kuweka kabla roketi haijaondoka, na katika sekunde hizo nilikuwa na neno moja tu la kusema: usiweke, nimesema uongo. Kasereka alikuwa akibonyeza kiasi cha juu kabisa kilichoruhusiwa. Sekunde zikahesabika kwenye kioo, moja moja, kubwa, mbele ya macho yangu. Kinywa changu kilikuwa wazi. Aibu ya miaka hamsini na zaidi ilikaa mlangoni mwake, haikunipisha.

Roketi ililipuka papo hapo, kabla haijaacha ardhi.

Nilipoinua kichwa mtu yule alikuwa akitoka. Sisemi alitoweka. Nasema nilifika mlangoni na sikumwona. Ukungu ule ungeweza kumficha ng’ombe.

Ungedhani Kasereka aliacha. Alivuta daftari lake karibu. “Hapana kuogopa, yaya. Paluku amekufa. Tungoje Kambale.” Kambale akafa, na Kasereka, na Kakule. Mmoja aliishi, akarudisha kidogo, na hicho kidogo ndicho kilichotufunga zaidi. Nasema kilitufunga, kwa sababu lipo jambo ninalotaka ulijue kutoka kwangu na si kwa Mama Masika. Mara mbili jioni ile nilimshika ndugu yangu mkono nikamwambia, “Ngoja, bado. Ziache mbili zaidi zife kwanza.” Mimi. Nilikuwa nimeanza kuona ndugu katika namba. Mama Masika alipozima jenereta, kiwanja chote kilikuwa kimekwisha.

Wanasema Kasereka yuko Kamango na kwamba ameacha. Wengine wanasema hajaacha. Sijui, hajaniandikia. Juu yangu mwenyewe naweza kusema: sichezi, sijawahi kuweka hata franka moja, lakini kila alasiri naketi kwa Mama Masika nikiandika matokeo ya wengine. Nimejaza madaftari saba. Najua kuliko yeyote mjini kwamba hamna kitu ndani yake, na kesho nitakwenda. Kwa hiyo ninakuonya, hasa wewe uliyesoma. Usiseme utaangalia tu. Usimpime mtu asiyekosa, na usiweke neno lako kuwa kipimo, kwa sababu kumi na mbili za kweli zipo ili uiamini ya kumi na tatu. Na kama kuna uongo mdogo uliomwambia mdogo wako, nenda ukaukiri leo, angali anaweza kukukasirikia.

Limebaki la Beni. Mnunuzi, mtu muungwana, alitupa muda wa kuyahamisha mabaki. Nilikwenda mwenyewe Mulekera na wachimbaji wawili na katekista. Mama tulimkuta, tukamfunga katika kitambaa. Katika kaburi dogo udongo ulikuwa umekula karibu kila kitu, lakini jiwe udongo hauli. Niliwaambia watu wasogee. Nilipiga magoti, nikauchambua udongo kwa vidole upande wa kuume, mahali mkono ulipolala, kisha nikauchambua upande wa kushoto, konzi kwa konzi, mpaka nikafika kwenye udongo mgumu ambao haukuwahi kuchimbwa.

Kijiwe kile nilikitia kwa mkono wangu mwenyewe. Hakikuwepo kuume, na hakikuwepo kushoto.